Rimoti ya mashine ya kufyonza vumbi inapogoma, fundi aanzie wapi?

Na MWANDISHI WETU

SEREMALA anayepasua mbao kwa msumeno wa meza huwa na mikono miwili tu, na yote imeshika ubao. Hawezi kuuacha msumeno ukizunguka akaenda kuwasha mashine ya kufyonza vumbi iliyo kwenye kona ya karakana, au iliyotolewa nje chini ya kibanda ili kelele zake zisimsumbue. Ndiyo sababu rimoti ndogo, inayoning'inizwa shingoni au kwenye mkanda wa aproni, imekuwa kifaa muhimu kwa wale waliobahatika kuwa na mashine hiyo.

Rimoti ikigoma, yanayofuata ni rahisi kuyabashiri. Siku ya kwanza fundi atatembea hadi kwenye swichi. Siku ya pili atatembea mara moja moja. Kufikia siku ya tatu mashine itakuwa imezimwa kabisa, na vumbi litarudi mahali pake pa kawaida, yaani puani na mapafuni.

Hili si jambo dogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka wa 1995 miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule, mti unaothaminiwa sana katika eneo la Ziwa Victoria, linajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka wa 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vumbi lenye madhara, na pale inapowezekana kuliondoa karibu kabisa na linapozalishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta kasoro katika rimoti na vifaa vinavyoandamana nayo, kwa kuzingatia hali ya karakana za Migori, Awendo, Rongo, Homa Bay, Oyugis na Mbita: kuta za mabati, nyaya ndefu za kuazimana, stima inayopanda na kushuka, radi za msimu wa masika, na jirani anayechomelea vyuma hatua chache tu kutoka hapo.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba rimoti ni nusu tu ya mtambo. Nusu ya pili ni kipokezi, yaani kisanduku kilichochomekwa baina ya soketi na mashine, au kilichofungwa ukutani. Rimoti hutuma amri kwa mawimbi ya redio. Kipokezi huisikia amri hiyo na kuvuta swichi ndogo ya sumaku iitwayo relei. Relei nayo hupitisha umeme hadi kwenye mota. Kasoro inaweza kuwa katika mojawapo ya hatua hizo, na mafundi wengi hupoteza pesa kwa kununua rimoti mpya ilhali ugonjwa uko kwenye relei.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua chochote, chomoa mashine kutoka kwenye kipokezi na uichomeke moja kwa moja kwenye soketi nzima ya ukutani inayostahimili nguvu zake. Ikiwaka na kufanya kazi sawasawa, mota haina neno. Isipowaka, achana na rimoti na uangalie kwanza kama stima ipo, kama tokeni hazijaisha, kama fyuzi iliyo ndani ya plagi haijaungua. Inachekesha, lakini kuna rimoti iliyowahi kufunguliwa skrubu zote kumbe mita ilikuwa imesoma sufuri.

Mota ikiwa nzima, chomeka taa ya kawaida kwenye kipokezi badala ya mashine, kisha bonyeza rimoti ukiwa umbali wa hatua mbili hivi. Taa ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, basi rimoti na kipokezi vinaelewana, na tatizo litakuwa umbali, usumbufu wa mawimbi, au mzigo mkubwa wa mota. Taa isipowaka, sikiliza. Relei ikivutwa hutoa mlio mfupi wa "tak". Ukiusikia mlio huo na taa isiwake, ncha za relei zimeungua. Usipousikia, amri haifiki au kipokezi hakipati umeme wake chenyewe.

Jaribio hili la taa halihitaji zaidi ya dakika tano na halina gharama. Binafsi naliona kuwa ndilo bora kuliko yote yatakayofuata, kwa sababu hugawa tatizo katikati.

Betri ndiyo mshukiwa wa kwanza iwapo amri haifiki. Rimoti nyingi za aina hii hutumia betri fupi ya volti 12 iitwayo 23A, ambayo hufanana na betri nyembamba ya saa ya ukutani lakini ni fupi zaidi. Ndani yake mna vijibetri vinane vya volti moja na nusu vilivyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kimoja kikichoka, betri nzima hulegea. Ipo pia iitwayo 27A, nayo ni ya volti 12 lakini nyembamba zaidi. Ukiiweka mahali pa 23A itachezacheza na kukatika katika unapotembea.

Taa ndogo ya rimoti inaweza kukudanganya. Huhitaji umeme kidogo sana ili iwake, ilhali kutuma mawimbi kwahitaji zaidi. Rimoti ambayo taa yake inawaka lakini inafanya kazi ukiwa karibu tu na kipokezi, mara nyingi inalilia betri. Pima kwa multimita huku ukiwa umebonyeza kitufe, si wakati rimoti imetulia. Betri ya volti 12 ikionyesha chini ya 10 wakati huo, itupe.

Rimoti nyingine hutumia betri bapa ya volti 3 iitwayo CR2032. Tarakimu hizo zina maana: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ukiuziwa CR2025, ambayo unene wake ni milimita 2.5, itaingia vizuri lakini huenda isiguse vyuma barabara. Betri hizi bapa zisiachwe kwenye meza ambapo watoto hupita. Mtoto akiimeza, yaweza kumchoma umio kwa muda wa saa mbili tu, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kusubiri dalili.

Ukishaitoa betri, kagua vyuma vinavyoishika. Katika miji iliyo kando ya ziwa unyevu ni mwingi, na kutu ya kijani huota upesi. Isugue kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Petroli isitumike, kwani huharibu plastiki na mpira.

Vitufe navyo huchoka. Chini ya kila kitufe cha mpira pana kidoa cheusi cha kaboni ambacho kikibonyezwa huunganisha njia mbili za umeme. Vumbi la msasa, ambalo ni laini kama unga wa ngano, hupenya hadi hapo na kujilaza baina ya kaboni na njia zenyewe. Fungua rimoti, pangusa pande zote mbili kwa spiriti, iache ikauke, kisha ujaribu. Ukitaka kuhakikisha kwamba kitufe ndicho chenye kosa, gusisha njia hizo mbili kwa ncha ya bisibisi ndogo: mashine ikiitikia, kaboni imekwisha.

Kuna rimoti chache ambazo hazitumii redio bali mwanga usioonekana, kama ile ya televisheni. Hizo lazima zielekezwe kwenye kipokezi moja kwa moja, na katika karakana ya mbao kijidirisha cha kipokezi hufunikwa na vumbi kila siku. Kuzijaribu ni rahisi: elekeza rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Ukiona nukta ya mwanga wa zambarau kwenye kioo cha simu, rimoti inatuma. Kamera ya mbele hufaa zaidi, kwani ya nyuma mara nyingi huwa na chujio la kuzuia mwanga huo. Rimoti ya redio haiwezi kujaribiwa kwa njia hii, na kutoona mwanga si dalili ya ubovu.

Betri ikiwa nzima na vitufe safi, yafaa kuuliza iwapo rimoti na kipokezi vinazungumza lugha moja. Vifaa vilivyotengenezewa Ulaya na Afrika hutumia zaidi masafa ya megahezi 433.92, na vile vya soko la Marekani mara nyingi hutumia 315. Rimoti ya 315 haitasikika kamwe na kipokezi cha 433, hata ukizigusanisha. Masafa huandikwa nyuma ya rimoti au kwenye ubao wake wa ndani.

Jambo hili huwahusu hasa wale wanaoletewa vifaa na jamaa walioko ng'ambo. Kipokezi cha Marekani kimeundwa kwa umeme wa volti 120, ilhali wetu ni 240. Ukikichomeka, kwa kawaida hukutoa moshi hata kabla hujaitafuta rimoti. Transfoma ya kupunguza umeme hutatua suala la volti, lakini haiwezi kubadilisha mzunguko kutoka 50 hadi 60. Mota iliyoundwa kuzunguka kama mara 3,450 kwa dakika huko itazunguka takriban mara 2,850 hapa, itafyonza vumbi kwa unyonge, na huenda ikapata joto kupita kiasi.

Masafa yakilingana, suala la pili ni msimbo. Rimoti za zamani na zile za bei nafuu zina msimbo usiobadilika, unaopangwa kwa swichi nane ndogo au kwa madoa ya risasi kwenye ubao. Kila nafasi ikiwa na hali tatu, patapatikana misimbo 6,561. Ikiwa na hali mbili, ni 256 pekee. Swichi moja ikisogea rimoti ilipoanguka, mawasiliano hukatika. Linganisha swichi za rimoti na za kipokezi moja baada ya nyingine.

Aina mpya hufundishwa. Kipokezi huwa na kitufe kidogo. Ukikibonyeza mara moja, taa yake huwaka, kisha unabonyeza rimoti na kipokezi kinaikariri. Ukikishikilia kitufe hicho kwa muda mrefu, au ukikibonyeza mara nyingi mfululizo, aina nyingi hufuta kila walichokariri. Hapo ndipo wengi hukwama: fundi hubonyeza kwa hasira mara nane, na rimoti iliyokuwa nzima husahauliwa. Msitupe kikaratasi cha maelezo kinachokuja na kifaa. Kipigeni picha kwa simu.

Idadi ya kubonyeza pia huchagua tabia ya kipokezi. Tabia moja ni kitufe kimoja kuwasha na kuzima. Ya pili ni kitufe kimoja kuwasha na kingine kuzima. Ya tatu ni mashine kuzunguka tu wakati kidole kimekaa kwenye kitufe. Ukisikia mtu akilalamika kwamba mashine yake huzimika pindi anapoachilia rimoti, usimwambie anunue nyingine. Kipokezi chake kimefundishwa kwa tabia ya tatu, na dawa ni kufuta na kukifundisha upya.

Kwa mashine ya vumbi, ningependekeza ile ya vitufe viwili. Katika makelele ya randa na msumeno, fundi hawezi kujua kwa sikio kama mashine ya vumbi inazunguka au la, na kitufe kimoja humfanya azime akidhani anawasha.

Sasa tuje kwenye mabati. Mawimbi ya redio hupenya mbao, matofali na plastiki, lakini karatasi ya chuma huyarudisha. Mashine ikiwa nje ya ukuta wa mabati na kipokezi kikiwa pamoja nayo, rimoti iliyodaiwa na muuzaji kufika mita 50 inaweza kushindwa kufika mita tano. Suluhisho si kununua rimoti yenye nguvu zaidi. Hamisha kipokezi kije ndani ya karakana, mahali palipoinuka, kisha upeleke waya wa umeme nje kwenye mashine. Waya hupita kwenye tundu. Mawimbi hayapiti kwenye bati.

Vivyo hivyo, usikifungie kipokezi ndani ya sanduku la chuma pamoja na swichi kuu. Iwapo ni lazima, toa antena yake nje. Antena ya kipokezi cha megahezi 433.92 ni kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 17.3, ambao ni robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Kinyoshwe wima. Mafundi wengine hukikunja nadhifu na kukifunga kwa utepe ili kisining'inie, na kwa unadhifu huo wanakiziba masikio kipokezi chao.

Jirani anayechomelea vyuma ni suala jingine. Cheche za kuchomelea hurusha mawimbi ya kila aina, na pia huvuta umeme mwingi kiasi cha kuufanya ushuke katika nyumba zinazotumia laini moja naye. Rimoti ikisumbua saa fulani tu za siku, keti utazame iwapo saa hizo ndizo jirani huwa kazini. Mashine za mkono zenye brashi za kaboni, kama ile ya kukatia na kusugulia vyuma, nazo husumbua zikiwa karibu na kipokezi.

Kinyume chake ni mashine kujiwasha yenyewe. Watu husema ni jini, lakini mara nyingi ni rimoti ya jirani yenye msimbo ule ule usiobadilika, kwani viwanda vingine huuza vifaa vikiwa na mpangilio mmoja. Lango la umeme au taa ya duka inaweza kuwasha pangaboi lako. Badilisha msimbo mara moja. Hili si la kuchekea: mtu akiwa ameingiza mkono kutoa kipande cha mbao kilichokwama kwenye pangaboi, vidole vyake vitakwenda. Kabla ya kufungua mashine, chomoa plagi na uiweke mfukoni au mahali unapoiona. Kuzima kwa rimoti hakutoshi hata siku moja.

Kuna hatari nyingine inayofanana na hiyo. Stima ikipotea mashine ikiwa inazunguka, vipokezi vingine hukumbuka hali hiyo na kuiwasha tena stima inaporudi, hata kama ni usiku wa manane na hakuna mtu. Fanya jaribio: washa mashine kwa rimoti, zima swichi kuu, ngoja dakika moja, kisha uiwashe. Mashine ikianza kuzunguka bila kuamriwa, kipokezi hicho kisiachwe kwenye umeme wakati karakana imefungwa.

Tumefika kwenye relei, na hapa ndipo kasoro nyingi kubwa hutokea. Kisanduku huandikwa "ampea 10" na mnunuzi hupiga hesabu kwamba mashine yake hula ampea 10, basi vinatoshana. Havitoshani. Ampea zinazoandikwa hapo kwa kawaida ni za vitu kama pasi na heta, ambavyo havina msukosuko vinapowashwa. Mota ni kitu tofauti kabisa.

Chukua mota ya nguvu za farasi mbili, yaani takriban wati 1,500. Ikizingatiwa kwamba sehemu ya umeme hupotea kama joto, mota hiyo ya laini moja itavuta karibu ampea 10 ikiwa kazini. Lakini katika nusu sekunde ya kwanza, kabla pangaboi halijashika kasi, huvuta mara tano hadi saba ya hapo: ampea 50 au zaidi. Ncha za relei ndogo hugusana, hurukaruka kidogo, na cheche hiyo kubwa huziyeyusha. Baada ya siku kadhaa ama zinaungua na kukataa kupitisha umeme, ama zinashikana kabisa.

Zikishikana, unabonyeza kuzima, unasikia "tak", na mashine inaendelea. Fundi mwingine atakigonga kisanduku kwa nyundo ya mbao na ncha zitaachana. Atafurahi hadi zitakaposhikana tena, pengine siku ambayo kuzima ni jambo la dharura. Relei iliyowahi kushikana haina matibabu. Ibadilishwe.

Njia sahihi ni kutumia kontakta. Hii ni swichi kubwa ya sumaku iliyoundwa kwa ajili ya mota, na huvutwa na koili ya volti 240 inayokula umeme kidogo sana. Kipokezi cha rimoti huwasha koili hiyo pekee, nayo kontakta hubeba mzigo wa mota. Unaponunua, tafuta ampea zilizoandikwa chini ya alama AC-3, kwani hizo ndizo za mota. Kwa mota ya farasi mbili ya laini moja, kontakta ya ampea 18 ya daraja hilo inabeba kwa raha.

Fungamanisha kontakta na kinga ya mzigo, iliyorekebishwa ilingane na ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota. Kinga hizo huundwa kwa laini tatu. Ukiitumia kwa mota ya laini moja, umeme upitishwe katika njia zote tatu mfululizo, la sivyo itajikata bila sababu. Plagi zetu za miguu mitatu hubeba ampea 13 pekee, hivyo mota ya farasi tatu, ambayo huvuta karibu ampea 15, haifai kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Iunganishwe na laini yake kutoka kwenye swichi kuu. Kazi hii ifanywe na fundi aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Karakana ya mbao ikiungua hakuna kinachobaki.

Iko kasoro moja inayofanana sana na ubovu wa rimoti na ambayo si ya rimoti hata kidogo. Ukibonyeza, kipokezi huanza kupiga "tak-tak-tak-tak", taa hufifia, na mashine hutetemeka bila kuanza. Chanzo ni waya mwembamba wa ekstensheni.

Hesabu yake ni hii. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa unene wa milimita 0.75 za mraba ina ukinzani wa takriban omu 1.56 kwenda na kurudi. Mota ikidai ampea 50 za kuanzia, karibu volti 78 hupotea njiani, na kipokezi kilicho mwisho wa waya hupata 162 tu. Relei hulegea na kuachia. Ikiachia, mzigo huondoka, volti hurudi, relei hunasa tena, na mchezo huo hujirudia mara kadhaa kwa sekunde hadi ncha ziungue. Ukiweka waya wa milimita 2.5 za mraba kwa urefu ule ule, kinachopotea ni kama volti 22, na mota huanza bila taabu.

Basi ukisikia tak-tak, pima volti kwenye kipokezi mtu mwingine akiwasha mashine. Zikiwa zinashuka hata bila ekstensheni, tatizo liko kwenye laini inayoingia, hasa kwa karakana zilizo mbali na transfoma. Hilo ni la kuwaarifu Kenya Power, na taarifa yako itakuwa na uzito zaidi ukiwa umeandika saa na volti ulizopima.

Mota inayonguruma bila kuzunguka inahitaji maneno machache tu. Kapasita ya kuanzia imekufa, au swichi ya ndani ya mota imejaa vumbi. Zima upesi kabla nyaya za mota hazijaungua. Kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, hivyo isiguswe kwa mikono kabla ya kuondolewa chaji na anayejua.

Na ile inayozima baada ya dakika ishirini kisha kujiwasha yenyewe ikipoa, hiyo ni kinga ya joto ndani ya mota. Pangusa vumbi kwenye mapezi yake. Mafundi wengi huamini kwamba mfuko uliojaa ndio unaoilemea mota. Kwa pangaboi la aina hii mambo ni kinyume: hewa ikipungua, mzigo hupungua, ingawa vumbi halifyonzwi. Kinachoilemea ni kuondoa bomba na kuiacha ivute hewa bila kizuizi.

Radi nazo zina hesabu yake. Ukanda huu wa ziwa pamoja na milima ya Kisii hupigwa na radi mara nyingi, na kipokezi cha rimoti huwa na vipuri vidogo vinavyokufa kwa mshtuko ambao mota haiusikii hata kidogo. Mawingu yakikusanyika jioni, chomoa kipokezi. Kukizima kwa rimoti hakukitengi na laini, kwa sababu daima kiko macho kikisubiri amri.

Wachimbaji wa dhahabu wa Nyatike, na wachongaji wa mawe ya Tabaka katika kaunti jirani ya Kisii, huenda wakavutiwa na mashine hizi. Watahadhari. Vumbi la mawe yenye silika liliorodheshwa mwaka wa 1997 katika daraja lile lile la visababishi vya saratani, na chembe zake hatari zaidi hupenya mfuko wa kitambaa uliokusudiwa kunasa maranda. Mashine hiyo itafyonza vumbi zito na kulipuliza lile laini katika hewa anayovuta kila aliye karibu. Kwao, kulowesha mawe kwa maji kunafaa zaidi.

Kwa anayeona kwamba rimoti zinamtesa, upo mbadala usio na betri wala msimbo: kamba nyembamba inayopita juu ya meza zote za kazi, iliyofungwa kwenye swichi ya kuvuta inayowasha kontakta. Ukivuta inawaka, ukivuta tena inazima. Mbadala mwingine ni kipokezi kinachohisi umeme wa msumeno na kuwasha mashine ya vumbi chenyewe, lakini msumeno na mashine vikianza pamoja kwenye laini moja nyembamba, utarudi kwenye tak-tak ile ile. Chagua chenye kuchelewesha mashine ya vumbi kwa sekunde mbili tatu, na kinachoiacha izunguke kidogo baada ya msumeno kusimama ili bomba lisibaki na maranda.